Wauguzi wenzangu, tuache kudunga tako kwa mazoea tu (uzi wa sindano ya msuli)

Sista_wa_Mpakani

Habari za usiku wandugu. Niko naiti, wodi imetulia, mvua inapiga mabati hadi sisikii redio ya askari wa geti, nikasema acha niandike hii kitu imenikaa rohoni tangu Jumanne. Itakuwa ndefu, mwenye bando kidogo asome polepole.

Jumanne jajja (bibi) mmoja alileta mjukuu wake, kijana wa miaka sita hivi. Akasema mtoto anatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikamwambia kijana asimame mlangoni aje hadi kwenye meza yangu. Mguu wa kulia goti linapanda juuu halafu nyayo inaanguka chini, pa! Vidole ndo vinafika kwanza. Ndala haikai, walikuwa wameifunga na kamba ya manila kwa kisigino. Nikamwambia vuta vidole juu vikuangalie, wa kushoto ukavuta, wa kulia kimya kabisa. Jajja akaeleza, mwezi wa pili alikuwa na homa, wakampeleka pahali, akapigwa sindano za tako siku tatu mfululizo, ile ya siku ya pili mtoto akapiga nduru akasema moto umeshuka mpaka kwenye kidole, na jioni mguu ukakataa kusimama. Aliyemdunga akawaambia itaisha yenyewe. Pahali penyewe sitapataja, maana kwa kweli ingeweza kuwa mimi.

Ndio, mimi. Miaka tisa ya kwanza ya kazi nilidunga tako kila siku, gawa tako mara nne, chukua robo ya juu kwa nje, piga. Hivyo ndo nilivyofundishwa na hivyo ndo nilivyowafundisha wengine. Shida ni kwamba hiyo misalaba tunaichora kwa macho. Mama amevaa gomesi amepandisha kidogo upande mmoja, amesimama ameshika meza, foleni iko hadi nje, wewe unaona kipande cha ngozi ukubwa wa chapati unajiambia hii ndo robo ya juu. Kumbe uko katikati. Na hapo katikati ndo neva ya siatiki inapita, neva nene kuliko zote mwilini, na juu yake kidogo kuna mshipa mkubwa wa damu. Kwa mtoto mwembamba hizo nafasi zote ni za sentimita chache tu, wewe una sindano ya inchi moja na nusu.

Na sio lazima uichome neva yenyewe. Dawa kali ikimwagwa karibu yake inatosha. Kwinini, ile dawa ya malaria, ni asidi kabisa, ikikaa pale inaunguza.

Sasa pahali pa kudunga pazuri ni wapi. Kwa mtu mzima mi nimehamia ubavu wa nyonga, ile vitabu vinaita ventrogluteali. Sio kitu kipya, ilielezwa na mtaalamu wa Uswisi anaitwa Hochstetter miaka ya 1950, sisi ndo tumechelewa. Unafanya hivi: mgonjwa alale ubavu, goti la juu alikunje. Ukidunga nyonga ya kulia tumia mkono wako wa kushoto, ukidunga ya kushoto tumia wa kulia. Weka kitako cha kiganja juu ya kile kifundo kikubwa cha mfupa wa paja, kile ukilala kwenye mkeka kinakuuma. Vidole vielekee kichwani, gumba lielekee kwenye kinena. Kidole cha shahada kiweke kwenye ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, pale mkanda wa suruali unapoegemea. Halafu cha kati ukitanue kuelekea nyuma kikifuata ukingo wa nyonga. Inatokea herufi V. Katikati ya hiyo V ndo unapiga, nyuzi 90, wima. Pale hakuna neva kubwa, hakuna mshipa mkubwa wa damu, na mafuta ni kidogo kuliko kwenye tako hata kwa mtu mnene, kwa hiyo dawa inafika kwenye msuli kweli. Kwenye tako la mama mnene mara nyingi unadunga mafuta tu halafu unashangaa mbona dawa haifanyi.

Mtoto wa chini ya mwaka: paja, mbele kwa nje, sehemu ya katikati. Basi. Hakuna majadiliano. Begani ni dozi ndogo, mililita 1, ukizidi sana 2 kwa mtu mwenye msuli, na upime vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa bega, sio juu pale kwenye kiungo.

Nitarudi, kuna mama anaita.

Bin_Yumbe

Sista asante sana kwa uzi. Mi ni mwanafunzi mwaka wa pili, setifiketi. Huku kwetu tulifundishwa zote mbili darasani lakini tukifika wodini hakuna mtu anafanya hiyo ya nyonga, ukijaribu inchaji (mkuu wa wodi) anakuuliza unatafuta nini hapo. Mi nilijaribu mara moja kwa mzee mmoja akaniambia kijana, tako ni huku. Wodi yote wakacheka. Sijajaribu tena.

Swali langu, kwa mtu mnene kile kifundo nakipata vipi? Nilibonyeza nikakosa.

Mama_Wodi_4

Mwanangu Sista, nakuheshimu lakini usiwatishe watoto. Mimi nimestaafu, nimedunga matako tangu enzi za sindano za kuchemsha kwenye sufuria, sirinji ya kioo, sindano tunainoa kwenye jiwe. Zaidi ya miaka 30. Sijawahi kupoozesha mtu. Kosa sio tako, kosa ni watu wasiosoma. Siku hizi kila mtu aliye na koti jeupe anadunga.

fizio_wa_Teso

Mama heshima yako, ila ruhusu niseme kitu. Wewe ulidunga wakaenda nyumbani. Sisi wa fizio, wa mazoezi ya viungo, ndo tunaowapata mwaka unaofuata, kwa hiyo aliyedunga hajui. Hapa kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, muulize yeyote aliyefanya kazi ya mifupa ya watoto, hospitali ya Kumi imepokea watoto wa namna hiyo wengi sana hadi wakaandika utafiti juu yake, ukatoka 2018.

Na kuna kundi la pili watu hawalijui. Sio waliopooza, ni wale ambao msuli wa tako umegeuka kovu kwa sindano nyingi nyingi, leo kulia kesho kushoto kila homa. Huyo mtoto neva yake ni nzima. Anatembea. Ila mwambie achuchumae magoti yakiwa pamoja, hawezi, magoti yanafunguka kama chura. Mama anakuja ananiambia mtoto hawezi choo cha shimo, anaogopa kuanguka ndani, anajisaidia kando halafu wanamchapa. Banange unamchapa mtoto kwa kosa la sindano. Darasani wasichana wanaambiwa kaa vizuri funga miguu, hafungi, si adabu mbaya, msuli umegoma. Hao dawa yao ni kisu, wanafungua lile kovu, halafu mazoezi.

Sista huyo kijana wako usimwache hivi hivi. Atafutiwe kiatu cha kushika nyayo, na kila siku jajja amnyooshe kisigino kile asije akakaza. Wengine neva inarudi kidogo kidogo kwa miezi, wengine hairudi. Lakini kisigino kikikaza hata neva ikirudi haimsaidii.

Sista_wa_Mpakani

Nimerudi. Fizio asante, kiatu nimeandika rufaa tayari, hiyo ya kunyoosha nitamwonyesha jajja mwenyewe wakija.

Mama Wodi 4 nimekusikia na siwezi kubishana na mikono ya miaka 30. Ila mama, nyinyi mlikuwa mnamlaza mgonjwa, mnamfunua tako lote mnaona mpaka mwanzo wa mfereji. Sisi tunadunga mtu amesimama, sketi imeshushwa inchi mbili. Hata njia yenu yenyewe tumeivunja.

Bin Yumbe, kwa mtu mnene usibonyeze tu. Akiwa amelala ubavu mwambie azungushe mguu ndani nje, ndani nje, wakati kiganja chako kiko pale. Kile kifundo kitakugusa mkononi kinazunguka, huwezi kukikosa. Ukikikosa hata hapo, nenda pajani, hakuna aibu. Na usiwajali wanaocheka. Mi nilipoanza waliniita fundi suruali, ati napima kiuno.

Kuhusu kwinini, ni vizuri mjue kwa nini leo watoto wa hivi wanapungua. Kuna utafiti ulitoka 2010, watoto 5,425 wa malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Mbarara yetu ikiwemo, wakapewa atesunati (dawa nyingine ya malaria) au kwinini. Waliokufa kwa kwinini 10.9%, kwa atesunati 8.5%. Mwaka uliofuata WHO, Shirika la Afya Duniani, ikasema watoto waanze na atesunati. Na ile ukikosa mshipa unaweza kuipiga kwenye paja. Lakini hapa ndo naona makosa kila wiki, watu wanachanganya ya mshipa na ya msuli. Chupa ya 60 mg: poda unayeyusha na mililita 1 ya ile bikaboneti inayokuja nayo, tikisa mpaka iwe safi. Ya mshipa unaongeza mililita 5. Ya msuli unaongeza 2 tu. Kwa hiyo ya msuli una mililita 3 zenye 20 mg kila moja. Mtoto wa kilo 12, chini ya kilo 20 ni 3 mg kwa kilo, inakuja 36 mg, karibu mililita 2. Ukiipiga ile ya mshipa kwenye paja unampa mtoto karibu mililita 4 msuli mdogo hivi unavimba bure. Na ukishachanganya itumie ndani ya saa moja, usiiwekee jioni.

Kwinini ikiwa hamna njia nyingine, izimuliwe, igawanywe mapaja mawili, mbele. TAKO HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa sijakosea.

Duka_la_Kona

Nyinyi wa serikali mnapenda kututupia sisi wa maduka. Mi nina duka la dawa, nimesomea, niko na karatasi ukutani. Mteja anakuja hapa ameuma mgongo amebeba magunia ya mahindi mpakani siku nzima, namwambia chukua vidonge, anasema musawo (daktari) mi nataka sindano. Ukikataa anavuka barabara kwa jirani ambaye hata hajui robo ya juu ni nini. Sindano ya diklo (diklofenaki, ya maumivu) na vidonge bei tofauti, lakini yeye roho yake iko kwenye sindano. Sasa nifanye nini?

Sista_wa_Mpakani

Kaka wa Duka usikasirike, nimesema ingeweza kuwa mimi. Na hiyo ya wateja nakubali, hata hapa OPD, kwa wagonjwa wa nje, mtu anaondoka amenuna kama hajachomwa.

Lakini diklo ndo ya kuogopa hasa. Ni mililita 3, ni kali kwa nyama, na watu wanaipiga begani! Begani mililita 3 haziingii. Na ikimwagika kwenye kimshipa kidogo cha damu, au ikibaki chini ya ngozi, ngozi inageuka rangi ya bluu kama alama ya mtu aliyepigwa, siku chache inakuwa nyeusi, inakufa, inatoka kipande. Nimeona kimoja, mwanamke muuza samaki, shimo la kuingia yai. Alikuwa na maumivu ya mgongo tu. Vidonge vya diklo vingefanya kazi ile ile. Mi wateja wa hivyo nawaambia ukweli huo wa yai, wengi wanachukua vidonge.

Boda_Malaba

Mi sio daktari nimepita tu. Swali la raia. Kuna sista akidunga anavuta kwanza nyuma anaangalia damu, mwingine anapiga moja kwa moja kama anapiga muhuri. Nani mjinga?

Sista_wa_Mpakani

Hahaha Boda, hakuna mjinga hapo, inategemea anadunga nini na wapi.

Chanjo: usivute. WHO ilisema 2015, begani na pajani pale pa chanjo hakuna mishipa mikubwa, na kuvuta kunaongeza maumivu tu kwa mtoto maana sindano inakaa inachezacheza ndani. Mtoto anyonye wakati unadunga, na kama ni sindano mbili ile inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Tako, kama bado unalazimika: vuta, subiri sekunde tano hadi kumi, sio ile ya kugusa plunja na kuachia. Na penisilini ya benzathini, popote unapoipiga, vuta. Ile ikiingia kwenye damu moyo unaweza kusimama. Ukiona damu, toa, tupa, anza upya na dawa mpya. Najua dawa ni chache. Tupa.

mhudumu_wa_benza

Hapo kwa benzathini mnisikilize kidogo maana ndo kazi yangu, nadunga watoto wa moyo wa rumatiki kila wiki nne. Wale mnaofikiri ni sindano tu ya kawaida, kuna utafiti ulifanyika huku kaskazini mwa Uganda, Gulu na pembeni, ukatoka 2021. Watoto 818 ambao mashine iliona moyo umeanza kuguswa lakini wenyewe hawajisikii chochote. Nusu wakapigwa benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kwa waliopigwa ugonjwa ulisonga mbele kwa 0.8%, kwa wasiopigwa 8.2%. Sasa fikiria, hiyo faida yote inategemea mtoto arudi mwezi ujao. Na mtoto aliyeumizwa harudi, anapanda mwembe. Mimi nimemfuata mmoja hadi juu ya mwembe.

Kwa hiyo mambo yangu madogo madogo. Ile dawa ni nzito kama uji wa mhogo, ukitumia sindano ya bluu inaziba, mtoto umeshamtoboa na dawa haiendi, unaivuta unamtoboa tena. Tumia ya kijani, geji 21. Ukishavuta dawa badilisha sindano, ile iliyotoboa mpira wa chupa imekuwa butu na ncha imelowa dawa inayowasha. Ishike chupa ndani ya ngumi mpaka baridi iishe. Kabla ya kudunga bonyeza pale na kidole gumba kama sekunde kumi, kwa nguvu kidogo. Ingiza haraka, sukuma polepole, lakini usisimame katikati maana ukisimama inaganda. Na umwongeleshe. Mimi nauliza Arsenal walicheza na nani. Halafu akae robo saa hadi nusu saa kwenye benchi nikimwona, na adrenalini (ya kumwokoa dawa ikimkataa) iko pale mezani sio ndani ya kabati ambalo funguo ziko na mtu aliyeenda chai.

mkunga_Kiryandongo

Sista swali zito. Sisi tulifundishwa mililita 5 ndo mwisho kwenye msuli mkubwa. Mama wa kifafa cha mimba tunampiga magnesiamu salfeti gramu 5 kila tako, ya asilimia 50, hiyo ni mililita 10 kila upande! Na hapo ni tako tena. Tunavunja sheria?

Sista_wa_Mpakani

Hamvunji. Hiyo ndo ratiba yenyewe, gramu 4 kwenye mshipa taratibu halafu 10 kwenye misuli, tano tano, unachanganya na mililita 1 ya lignokeni ya 2% (dawa ya ganzi) maana bila hiyo mama mwenye fahamu ataruka kitandani. Ni dharura, mama anaweza kufa usiku huo, kwa hiyo tunakubali ujazo huo. Lakini hapo sasa ndo ile ya Mama Wodi 4 inarudi: mlaze, mfunue tako lote, juu kabisa kwa nje, sindano ndefu, ndani kabisa, polepole. Na kabla ya dozi ya kurudia kila saa nne usisahau kuangalia: goti linaruka ukiligonga, pumzi 16 au zaidi, mkojo unatoka. Kalsiamu glukoneti, ya kuzima hiyo dawa ikizidi, iwe karibu. Oksitosini yenu ya baada ya mtoto kutoka hiyo ni yuniti 10, mililita 1, piga paja umalize.

wodi_ya_akili

Mi niko upande wa magonjwa ya akili, tunadunga dawa za mafuta, flufenazini na halopo (haloperidoli) ya mwezi. Naongezea ile ya kuvuta ngozi. Kabla ya kudunga, na upande wa mkono wako vuta ngozi pembeni kama sentimita 2 hadi 3 uishikilie hapo hapo. Dunga, sukuma polepole, hesabu hadi kumi sindano ikiwa ndani, toa, NDO uachie ngozi. Ngozi ikirudi pahali pake ile njia inakatika, dawa inafungiwa ndani haivuji. Wengine wanaachia ngozi kabla ya kutoa, sasa umefanya nini? Umempinda mtu na sindano ndani. Na usisugue baadaye, bonyeza tu. Kusugua kunaisukuma ije juu chini ya ngozi, mgonjwa anapata uvimbe kama korosho, mwezi ujao anakataa. Wale wa depo ya uzazi wa mpango pia, msiwasugue kina mama.

Bin_Yumbe

Na glavu? Huku zikiisha tunaambiwa tusidunge.

Sista_wa_Mpakani

Kwa sindano ya msuli, ngozi ya mgonjwa ni nzima na mikono yako haina kidonda, glavu sio lazima. Mikono inawe, sabuni, maji yanayotiririka. Mi nimeona watu wanavaa glavu moja wanadunga wagonjwa kumi nayo, hiyo inalinda nani?

Kinachoniudhi zaidi ya glavu ni kile kibakuli cha pamba. Mnakijua. Asubuhi mtu anaweka pamba ndani anamwagia spiriti, siku nzima kila mtu anatumbukiza vidole anachukua. Jioni ile spiriti imeshakuwa rangi ya chai. WHO inakataza kabisa kuloweka pamba mapema hivyo, inakuwa shamba la wadudu. Chukua pamba kavu, mwagia hapo hapo, pangusa kutoka katikati kwenda nje, halafu ACHA IKAUKE kama nusu dakika. Ukidunga ikiwa mbichi unaingiza spiriti ndani ya nyama, mgonjwa anaona moto anasema dawa ni kali. Usipulizie na mdomo jamani. Nimeona mtu anapuliza.

Na ile ya kuacha sindano imechomekwa kwenye mpira wa chupa ili mwenzako avute nayo, hiyo pia iishe.

Kofia ya sindano usirudishe. Nilijichoma hivyo mwaka wangu wa pili kazini, saa tisa usiku, nilikuwa narudisha kofia mgonjwa akanisukuma kiwiko. Nilikaa siku 28 nikimeza dawa za kuzuia VVU, nikitapika kila asubuhi, siwezi kumwambia mtu nyumbani. Majibu yalikuwa salama. Sasa boksi la sindano liko mkononi kwangu kabla sijafungua sirinji, na likifika robo tatu nalifunga, sisukumi na penseli ziingie.

Mama_Wodi_4

Hiyo ya penseli nimeifanya. Sitaki kusema mara ngapi.

Haya Sista, nimekaa hapa kwenye kiti nikaweka kiganja kwenye nyonga yangu kama ulivyosema. Nimeipata V. Kweli hapo hakuna mafuta, na mimi sio mdogo. Nina mjukuu anasomea uuguzi anakuja Krismasi, nitamwonyesha.

Sista_wa_Mpakani

Mama umenifurahisha usiku huu.

Nimalizie maana simu iko asilimia 8. Jana nilikuwa na mwanafunzi wangu hapa, alikuwa na mgonjwa wa seftriaksoni (antibiotiki), gramu 1, imeyeyushwa na lignokeni (na hiyo iliyo na lignokeni isiende kwenye mshipa hata siku moja, andikeni ukutani). Mgonjwa ni dereva wa lori, mkubwa, amechoka, anataka aondoke avuke. Mwanafunzi akasema sista ngoja. Akamwambia mzee lala ubavu. Mzee akalalamika ati mbona mambo mengi, huko nyumbani ni dakika moja. Akaweka kiganja, akamwambia zungusha mguu, akatafuta, akarudi mwanzo, akatafuta tena. Mkono ulikuwa unatetemeka naona. Mi nimekaa kimya nimefunga mdomo. Akapiga. Akahesabu hadi kumi kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mtoto wa nasari. Mzee akageuka akauliza bado hujadunga?

Jajja na kijana wanarudi Jumanne. Fizio nitumie kwa inbox namna ya kumnyoosha kile kisigino, mara ngapi kwa siku na kwa dakika ngapi, nichapishe nimpe karatasi. Jajja hasomi ila dada yake kijana yuko P5, darasa la tano.

fizio_wa_Teso

Nimetuma. Kuna picha pia, nimechora mwenyewe, usicheke miguu yangu.